Mradi wa picha za bamvua, San Francisco: nyota 5

Nimeshiriki California King Tides Project, mradi wa kupiga picha za bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, misimu miwili ya baridi, na nitarudi. Unaangalia jedwali la maji kujaa na kupwa, unapiga picha kwa simu bahari ikijaa pomoni, unaituma mtandaoni ukitaja mahali na saa. Bure.

Januari nilisimama Embarcadero, barabara ya ufukweni mwa jiji, karibu na gati la Pier 14. Maji yalipanda ukingo yakatandaa njiani. Yalipopwa, mwani ulibaki umenasa kwenye nyufa za saruji. Kwetu Lamu tungesema ni bamvua tu, yataondoka. Lakini bahari ikizidi kupanda, kimo hiki cha bamvua kitakuwa maji kujaa ya kila siku, na picha ile ilinifahamisha hilo kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma. Ukienda, ingiza nguzo au ngazi kwenye picha, ili kimo kisomeke.