Nimempeleka mume anayesaga meno usiku, natoa nyota 4

Kliniki hii ya meno naipa nyota 4, ya tano nimeizuia kwa ajili ya foleni na bei, nitafika huko. Kwanza niseme tulifuata nini maana wengi hawajui kama hili nalo ni jambo la kumpeleka mtu kwa daktari. Mume wangu, Baba Nuru, anasaga meno akilala. Na siyo kidogo, saa nane usiku unasikia kama mtu anatembea juu ya kokoto humo chumbani, ukimtikisa anageuka upande wa pili anatulia kidogo halafu anaanza upya, asubuhi ukimwambia anakataa katakata, mimi? nisage meno? umeota wewe. Ila kila akiamka kichwa kinamuuma huku pembeni kwenye panja, panadol haikauki ndani, kapima malaria mpaka dada wa maabara anamjua kwa jina, hamna kitu. Na taya zinakuwa zimechoka mpaka analalamika chapati ngumu, na chapati nazipika mimi!

Kabla ya hapa tulikuwa tunaenda kliniki nyingine, siitaji. Huko jino la nyuma waliliziba, likapasuka, wakaziba tena, ikabanduka, kila tukienda tunalipa na hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona kila tukiziba kinavunjika. Mwisho wakasema meno yake hayakutani vizuri kwa hiyo wayapunguze kwa mashine yalingane, ndipo ataacha kusaga. Nikasema hapana jamani, ngoja kwanza tusikie na mwingine.

Daktari wa hapa alivyosikia hiyo habari akatikisa kichwa. Akasema hayo ndiyo waliyokuwa wanaamini zamani, kwamba meno yakikaa vibaya mtu atasaga, siku hizi inajulikana kuwa kazi yote inaanzia kwenye ubongo na usingizi wenyewe, meno ni wahanga tu, na jino ukishalipunguza ndo basi, halioti tena. Hapo tayari nikajua nauli yetu haijapotea.

Uchunguzi wake niusimulie maana ndio ulionifurahisha. Alianza nje ya mdomo, akamwekea vidole mashavuni, akamwambia kaza meno, ile misuli ikajaa mpaka mimi nilikokaa nikaiona. Akamwangalia ulimi, pembeni una mikunjo mikunjo inayofuata umbo la meno. Ndani ya shavu kuna mstari mweupe umenyooka pale meno yanapokutana. Halafu akampa kioo, akamwambia peleka taya ya chini kulia, taratibu, endelea, endelea, mpaka jino la chonge la juu lililokatika ncha likakaa juu ya la chini lililokatika vilevile, yameshikana bila nafasi. Mchana huwezi kupeleka taya mpaka huko kwa bahati mbaya. Baba Nuru akanyamaza, mtu mbishi yule.

Ila daktari mwenyewe hakutaka turukie jibu. Alisema meno kulika peke yake hakutoshi kusema mtu anasaga, inawezekana alisaga miaka ile na akaacha, au ni asidi tu, watu wa soda na watu wa kiungulia nao meno yao yanalika. Mwenza akisema anasikia, hiyo ni dalili ya kwanza, daktari akikuta alama mdomoni uzito unaongezeka, lakini uhakika kamili ni mpaka ulale kwenye sehemu ya kupima usingizi, unabandikwa nyaya kichwani na kwenye taya, wanarekodi sauti na video usiku kucha. Akasema kwa kusaga meno tu hawamsumbui mtu hivyo. Mimi akanituma nirekodi kwa simu nyumbani. Nimerekodi, nikamsikilizisha mwenyewe asubuhi akiwa anakunywa chai, ubishi umeisha.

Sasa maswali. Jamani yule daktari anauliza! Alieleza kwamba usiku kuna vipindi ubongo unashtuka kwa sekunde chache na mwenye kulala hana habari, moyo unaenda mbio kidogo, halafu misuli ya taya inakaza, hapo ndipo kusaga kwingi kunapotokea, kwenye usingizi mwepesi. Kwa hiyo yeye anachotafuta ni nini kinachomshtua shtua huyu mtu. Akauliza kazi, Baba Nuru anauza vipuri vya magari Kariakoo na ana mkopo unaomkaba, akasema mawazo yamo kwenye orodha, tena juu kabisa. Kahawa? Ya kijiweni, jioni, vikombe hata havihesabu. Sigara? Ameacha, nusu nusu. Pombe? Hapo mwenzenu nikaangalia dirishani. Enaji drinki, mirungi, vyote aliuliza bila kumwonea mtu aibu. Akauliza na dawa, hasa za sonona na wasiwasi, maana baadhi yake zinaweza kumfanya mtu aanze kusaga meno, na akasisitiza ukiwa unatumia usiache kienyeji, rudi kwa aliyekuandikia mzungumze. Na ukoo pia. Jioni ile nikampigia mama mkwe simu, akacheka, kumbe marehemu baba yao alikuwa hivyohivyo.

Mama mkwe huyohuyo miaka yote anasema ni minyoo. Nilimuuliza daktari maana nyumbani tushakunywa dawa za minyoo familia nzima kwa ajili ya meno ya mtu mmoja. Akasema hakuna ushahidi wa kueleweka wa kuunganisha minyoo na kusaga meno, dawa ya minyoo mtu anywe kwa sababu ya minyoo. Na watoto kusaga meno ni kawaida sana, wengi wanaacha wenyewe wakikua, kwa hiyo msiwapige viatu wala kuwafunga kitambaa.

Halafu likaja swali ambalo mimi ndilo nimelipia, hivyo vingine ni nyongeza. Akanigeukia, "Mama, anakoroma?" Nikacheka, nikamwambia daktari anakoroma mpaka jirani anajua. "Kuna wakati mkoromo unakatika kabisa, kimya, halafu anavuta pumzi kwa kishindo?" Nikaacha kucheka. Hicho kitu nakiona kila siku na nilijua ndivyo wanaume wanene wanavyolala. Akampima presha pale pale, iko juu. Akampima na mzunguko wa shingo. Akasema pumzi kukatika usingizini na kusaga meno mara nyingi hukutwa kwa mtu mmoja, siyo kwamba lazima kimoja ndicho kimeleta kingine, lakini ya pumzi haiachwi, inaumiza moyo na inamfanya mtu asinzie mchana hata akiwa anaendesha gari. Akaandika barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na presha ikafuatiliwe. Daktari wa meno! Angeweza kutuuzia plastiki yake tukaondoka tukiwa tumeridhika kabisa.

Hiyo plastiki nayo tumechukua, ile kinga ya kuvaa usiku. Wanachukua umbo la meno kwa ule unga wanaoukoroga unakuwa kama uji mzito, Baba Nuru alitaka kutapika, nesi akamwambia apumulie puani na anyanyue mguu mmoja, ajabu ikasaidia. Inatengenezwa maabara, ni ngumu, inakaa meno ya juu. Siku ya kuivaa daktari alimng'atisha karatasi ya bluu, panapochafuka sana anaparuza kidogo, ng'ata tena, anaparuza, mpaka kila upande ukakutana sawa. Nilimuuliza kuhusu zile za bei rahisi za kuchemsha na maji moto halafu unang'ata zinashika umbo, akasema za muda mfupi sawa, ila ni laini na wengine wanaishia kuzitafuna, misuli inazidi kufanya kazi.

Matokeo: haijamzuia kusaga, na daktari alisema kabisa haitamzuia, inachofanya ni kupokea yale mateso badala ya meno. Ukiiangalia kwenye mwanga unaona mikwaruzo, hiyo ingekuwa enameli, lile ganda gumu la nje la jino. Mwanzoni alikuwa anajaza mto mate. Kichwa cha asubuhi kimepungua sana ila sijui nimpe sifa nani, kinga au kahawa ya jioni niliyoipiga marufuku. Jino la nyuma limewekwa kofia ya kulifunika lote na mpaka sasa limetulia. Inaoshwa kwa maji ya baridi na mswaki, ya moto inapinda, binti wa kazi nimeshamwambia asiiguse.

Lawama sasa. Miadi saa tatu, kuingia ndani saa tano na nusu, na hakuna anayekwambia chochote, TV inaonyesha tangazo la kung'arisha meno lilelile mpaka unalikariri. Bei ya kinga tuliambiwa umbo la meno likishachukuliwa, laki mbili na kitu, bima yetu haikugusa hata shilingi. Hiyo siyo haki, mwambieni mtu kabla hajafungua mdomo. Na maabara walichelewesha, tulipigiwa simu njooni, tukafika, haijaja. Dada wa mapokezi ni mpole lakini hana majibu.

Mkienda nendeni Jumamosi asubuhi na mapema, ombeni bei zote kwa maandishi, na anayelala na mgonjwa aje pia maana anayesaga hajui chochote, robo tatu ya maswali nilijibu mimi. Kwenye malipo wanapokea simu ila siku ile mtandao ulisumbua, bebeni na keshi.