Uzoefu wangu: radari inayofuatilia vyombo yenyewe, Goma–Bukavu usiku

Ninaitumia kwenye boti ya abiria Ziwa Kivu: radari ya mawimbi ya sentimita 3, antena ya kuba ya inchi 24. Kwa vyombo vya chuma naisifu. Unagusa alama, baada ya dakika moja unaona inakoelekea, baada ya tatu mshale unaoonyesha mwelekeo na mwendo wake umetulia na umbali wa kupishana unaaminika. Lakini kwa mwendo wa noti 12 (maili 12 za majini kwa saa), dakika tatu ni zaidi ya kilomita moja. Mtumbwi ukitokea maili moja mbele, zaidi ya nusu ya nafasi yako imeisha kabla hesabu haijakaa sawa. Ukigeuza usukani katikati, mshale unayumba na unasubiri upya.

Shida kubwa ni wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hili. Mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ni mbao tupu, imelala chini majini, na mwangwi wake ni hafifu. Mwangwi ukikosekana kwenye mizunguko mingi ya antena, radari inalia kwamba shabaha imepotea. Mbaya zaidi ni pale isipolia: mshale unahamia mwangwi wa jirani, na wewe unaendelea kusoma namba za chombo kingine. Karibu na kisiwa cha Idjwi, wavuvi wanapokusanyika, hilo hutokea kirahisi, kwa sababu mwali wa antena hii una upana wa nyuzi 4 hivi. Kwa maili 2, ekipe mbili (yaani mafungu mawili ya mitumbwi hiyo mitatu) zilizoachana chini ya mita 250 zinaonekana kitu kimoja.

Kwa hiyo, chagua shabaha kwa mkono. Eneo ambalo radari hukamata shabaha yenyewe, bila wewe kuchagua, hunasa miamba ya ufukweni na kujaza nafasi zote za kufuatilia. Kichujio cha mawimbi ya maji kipunguze mpaka vidoti vichache vibaki. Ukikizidisha, mitumbwi inafutika pamoja na mawimbi. Washa mikia ya dakika 3 (alama za njia ambako mwangwi umepita) na uiamini kuliko namba.

Kabla ya yote, kamata kisiwa kidogo kilicho peke yake. Mshale wake wa kweli, yaani unaoonyesha mwendo wake wenyewe bila kuchanganya na wa boti yako, lazima uwe sifuri. Ukionyesha mwendo, dira au GPS yako inadanganya, na mishale mingine yote ya kweli imepinda vilevile.

Mvua kubwa ikishuka, ufuatiliaji uache kabisa: punguza mwendo, weka mtu mbele na tochi yenye nguvu.