Uzoefu wangu na kebo ya faiba kati ya majengo mawili

Kwa miaka mitatu nyumba yangu na ofisi ndogo iliyo nyuma yake ziliunganishwa kwa kebo ya kawaida ya mtandao, ya shaba, iliyopita hewani kwa mita 45 hivi kutoka paa hadi paa. Haikunisumbua hata siku moja, mpaka usiku ambao radi ilipiga mti wa karibu. Hakuna jengo lililoguswa, lakini asubuhi nilikuta swichi ya mtandao ya ofisini imekufa, na kwenye ruta ya nyumbani lilikuwa limeungua tundu moja tu: lile lililochomekwa kebo hiyo.

Fundi wa umeme alinieleza kwamba kila jengo lilikuwa na athi yake (waya unaounganisha umeme wake na ardhi), na radi inapopiga jirani, volti ya ardhi upande mmoja hupishana sana na ya upande wa pili, hivyo umeme hutafuta njia ya kusawazika na kuipata katika waya wa shaba, kupitia vifaa vilivyo kwenye ncha zake. Ndipo nilipoamua kununua seti ya faiba, yaani kebo inayopitisha data kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo, ya kutumika nje, ya mita 60, yenye vichwa vilivyofungwa kiwandani, pamoja na vigeuzi viwili (vifaa vya kwenye ncha vinavyogeuza ishara za umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme) vya gigabiti 1 kwa sekunde. Sharti langu lilikuwa moja: kebo isiwe na chuma chochote ndani. Faiba nyingi za nje huimarishwa kwa waya au bati la chuma, na anayenunua hiyo bila kuuliza huwa ameurudisha mlango aliotaka kuuziba.

Kebo yenyewe naisifu. Tuliipitisha katika bomba la plastiki la milimita 32, mbali na mtaro wa umeme, tukaivuta kwa kamba iliyofungwa kwenye soksi ya kuvutia kebo, inayokinga vichwa. Niling'oa kona mbili kali nikaweka zenye mpindo mpana, kwa sababu kebo ya unene wa milimita 5 ikiwa inavutwa haipaswi kukunjwa kwa nusu kipenyo cha chini ya sentimita 10. Mita chache zilizobaki nimezizungusha ukutani kwa duara kubwa.

Malalamiko yangu ni juu ya vigeuzi. Aina hii hutumia uzi mmoja tu wa kioo, kwa hiyo kimoja hutuma kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310 na kupokea kwa 1550, na mwenzake hufanya kinyume. Muuzaji alinitumia viwili vya aina moja. Kwa siku mbili taa ya kiungo, inayoonyesha kwamba pande mbili zimeunganika, haikuwaka, nami nikailaumu kebo bure, hadi niliposoma herufi ndogo kwenye kibandiko na kuona A na A badala ya A na B. Alinibadilishia bila ubishi, na taa ikawaka papo hapo. Karatasi ya maelekezo haikuligusia hilo, wala haikuonya kwamba mtu asichungulie ncha ya kebo iliyowashwa, ingawa mwanga wake hauonekani kwa macho.

Ajue pia mnunuzi kwamba faiba haipitishi umeme. Kamera yangu ya ofisini iliyokuwa ikipata umeme kupitia kebo ya zamani ilibidi ipewe adapta yake, na kila kigeuzi kinahitaji soketi, ambayo nimeiwekea kinga ya umeme unaopanda ghafla, kwa kuwa radi bado inaweza kuingia kupitia nyaya za umeme wa kawaida.