Bangili ya shaba au mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kwa maumivu ya goti?

Bi mkubwa wangu, Chake Chake, Pemba, goti linamuuma na anavyo vyote viwili. Bangili ya shaba kaivaa mwaka mzima. Kilichobadilika ni mkono tu, umefanya duara la kijani. Goti liko vile vile. Sishangai: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha jaribio la vivalio vya shaba na vya sumaku kwa wagonjwa 70 wa baridi yabisi, na si shaba wala sumaku iliyoshinda vivalio vya bandia vya kulinganishia.

Mafuta ya makonyo ya Wawi ni habari nyengine. Yana eujenoli, inayotia ngozi ganzi. Matone mawili kwenye kijiko cha mafuta ya nazi (yakiwa matupu huunguza), namkanda taratibu. Ugonjwa haupoi, lakini usiku analala. Bangili? Naivae sikukuu.