EA Sports FC: Je, Tumwachie Mtoto Aucheze?

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo nachambua EA Sports FC, mchezo wa mpira ambao sisi wa Lubumbashi bado tunauita FIFA ingawa ulibadilishwa jina mwaka 2023. Wazazi wengi wameniuliza kama unamfaa mtoto wa miaka minane au tisa.

Kasha lake la Ulaya lina namba 3 ya PEGI, mfumo wa Ulaya unaoonyesha mchezo wa video unafaa kuanzia umri gani, yaani halina damu wala matusi ya kumdhuru mtoto mdogo. Kwa yale yanayotokea uwanjani nakubaliana na namba hiyo: mchezaji akicheza rafu vibaya, mwamuzi anatoa kadi na mechi inaendelea. Ndugu wawili wakishika manete na kuchagua timu zao, sioni cha kuwakataza, isipokuwa kelele.

Wasiwasi wangu uko kwenye sehemu inayoitwa Ultimate Team. Humo mtoto hujenga kikosi kwa kadi za wachezaji, na kadi hupatikana katika pakiti zinazofunguliwa kwa sarafu alizozipata kwa kucheza au kwa pointi zinazonunuliwa kwa pesa halisi. Tazameni pakiti inavyofunguka: skrini inaingia giza, inatokea bendera ya nchi, kisha nafasi ya mchezaji, kisha klabu, na mwisho kabisa sura yake. Ule ucheleweshaji umepangwa makusudi, na mara nyingi anayetokea ni mchezaji ambaye mtoto hakumtaka, kwa hiyo anaomba pakiti nyingine.

Mwaka 2018 Tume ya Kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za aina hii zikinunuliwa kwa pesa ni kamari, na Januari 2019 EA, kampuni inayotengeneza mchezo huu, ikaacha kuuza pointi hizo huko. Ujerumani nayo, mwaka 2023, iliupa toleo la FC 24 umri wa miaka 12, huku PEGI ikibaki na 3 kwa mchezo uleule. Tangu 2020 PEGI huandika pembeni kwamba kuna ununuzi wa vitu vya bahati nasibu, lakini ni nani kati yetu anayegeuza kasha kusoma maandishi madogo?

Kwa hiyo nyumbani mfungulieni mtoto akaunti yake ya mtoto kwenye PlayStation, wekeni kikomo cha matumizi kuwa sifuri, na mfunge mazungumzo na watu asiowajua. Akicheza mechi za kawaida au kuongoza klabu kama kocha, mpeni ruhusa hata akiwa na miaka saba. Ultimate Team ningeisubirisha hadi miaka 12, na hata hapo bila pointi za kununua.

Kwenye sali za michezo za komini za Kenya au Katuba hapa Lubumbashi, ambako mtoto hulipia mechi moja moja, pakiti si tatizo kubwa. Huko mwulizeni mwenye sali jambo jingine: je, anawaruhusu watoto kuwekeana pesa juu ya matokeo? Akisitasita kujibu, mtafutieni mtoto sali nyingine.