Tairi zisizo na tyubu: zinafaa kwa miiba ya Tabora?

Kiangazi kikikolea na mbigili kukauka kando ya njia za vumbi za Sikonge na Uyui, tairi moja ya baiskeli hurudi nyumbani na miiba isiyohesabika. Mwenye tyubu atashinda na viraka na solusheni. Asiye na tyubu ataona vitone vyeupe vya dawa, yaani maji ya ulimbo yanayomiminwa ndani ya tairi kuziba matundu, vilivyochungulia matunduni vikaganda, basi. Kwa hilo peke yake, tairi hizi zinastahili bei yake huku.

Wauzaji huzisifia wepesi. Wasikupe shida: tyubu ya inchi 29 ina gramu 200 hivi, na dawa utakayomimina badala yake haipungui sana gramu 100. Faida kubwa ni kwamba unatembea na upepo mdogo. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya upana wa inchi 2.3 anaweza kushuka hadi PSI (kipimo cha upepo) 21 mbele na 24 nyuma, tairi ikapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Jaribu hivyo na tyubu, jiwe la kwanza litaibana kwenye ringi na kuitoboa matundu mawili sambamba, utadhani imeng'atwa na nyoka.

Kazi ni kufunga. Ringi iwe ile iliyotengenezewa tairi za aina hii. Ringi ya chuma ya Phoenix iache na tyubu yake. Ringi inayofaa isafishe kwa spiriti, kisha zungusha utepe wa kuziba matundu ya spoki mara mbili huku ukiuvuta. Utepe uzidi upana wa ndani wa ringi kwa milimita 2 au 3, na ncha yake ipite tundu la vali kwa sentimita 10. Tundu hilo litoboe kwa msumari mwembamba wa moto. Ukilichana kwa kisu, mchano utaendelea na upepo utatokea kwenye spoki.

Paka maji ya sabuni kwenye kingo za tairi. Pampu ya mkono mara nyingi haitoshi. Nenda kwa wajaza upepo wa magari. Wakiwa na bunduki ya upepo yenye ncha ya mpira, toa kiini cha vali ili upepo uingie kwa kishindo. Wakiwa na mdomo wa kawaida tu, acha kiini na ufunge adapta ya shaba, maana vali hizi ni nyembamba. Wasimamie: aliyezoea tairi za lori anaweza kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye ringi. Kingo zikikaa, utasikia mlio wa pa! pa! Halafu ingiza dawa ml 100 kwa bomba la sindano kupitia kwenye vali.

Adui mkubwa ni joto. Dawa ina maji, na maji hukauka. Watengenezaji hutaja miezi 2 hadi 6, huku hesabu 2. Tikisa gurudumu karibu na sikio: usiposikia kitu kikichezacheza ndani, ongeza ml 60. Vali nayo huziba kwa ulimbo ulioganda, kwa hiyo nunua viini vya akiba.

Tairi za radiali, kama Albert aliyoitoa Schwalbe mwaka 2024, ni hatua nyingine. Nyuzi zake zimelazwa kwa pembe nyingine ili mpira ulale zaidi ardhini, lakini mbavu za tairi hulegea na zinadai upepo zaidi kidogo. Zimelenga mizizi na mawe ya miteremko. Kigoma wanaweza kuzifikiria. Kwa tambarare ya Tabora ni gharama ya bure.

Na tyubu moja ibebe daima, kwani tundu la milimita 6 na zaidi dawa hailiwezi. Kabla ya kuiingiza, pitisha kitambaa ndani ya tairi nzima na ung'oe kila kinachonasa. Miiba iliyokaa humo miezi bila madhara itaitoboa tyubu mpya kabla hujamaliza kupampu.