Fundi jenereta wa Kirumba, huyu anajua kazi yake

Nawaandikia wenzangu wa friza za samaki hapa Mwanza maana mimi nimeteseka. Jenereta langu la dizeli, kVA 10, lilikuwa linawaka vizuri tu, likifika dakika 40 hivi linaanza kukohoa, mlio unashuka, kimya. Ukisubiri robo saa ukawasha linapiga kama kawaida. Na ndani ya friza kuna sato na sangara za watu.

Fundi wa kwanza, simtaji, alilisikiliza dakika 5 akasema pampu imekufa niandae laki 8. Nikaomba muda.

Jirani ndo akanielekeza kwa huyu wa Kirumba. Hata spana hakushika, kwanza akaniuliza, dada, linakata ghafla au linachoka kwanza? Akasema likikata ghafla yeye anaanzia kwenye umeme, zile sensa za presha ya oili na joto, au solenoidi inayofunga mafuta, ila likikohoa huku linashuka basi dizeli haifiki. Akacheki oili, akacheki maji ya redieta, alafu akawasha friza zote akakaa kusubiri lizime, yaani alikaa dakika zote 40, hapo ndo aliponikosha kabisa! Lilipoanza tu kukohoa akafungua mfuniko wa tangi, tukasikia fyuuu, hewa inavutwa ndani, na mlio ukapanda wenyewe. Kumbe kijana wangu wa dukani alikuwa ameuvika mfuniko nailoni na mpira ili vumbi lisiingie, kitundu cha kupumulia kikaziba, dizeli inatoka hewa haiingii, ndo maana tukisubiri linapona lenyewe.

Hakuishia hapo, alimwaga dizeli ya chini ya tangi kwenye chupa nyeupe nikaona kwa macho yangu maji na tope jeusi, akabadili filta, akapampu dizeli kwa mkono mpaka hewa ikaisha kwenye njia ya dizeli. Akanikanya tangi lisilale nusu siku nyingi, usiku likipoa unyevu unageuka maji humo humo.

Ufundi elfu 50, filta nilinunua mwenyewe. Kasoro ni muda, alichelewa masaa 2 na simu hapokei, na risiti nimeiomba mara tatu ndo akaandika. Ila juzi umeme umekatika limepiga masaa 6 mfululizo, na service ijayo nishamwambia aje yeye.